Masahihisho ya Picha Yangu

Wahariri wa kitabu chetu hiki wamenitaka niandike habari za masomo yangu ya ng'ambo, ili vijana wetu walio katika kazi ya uuguzi wapate kunufaika. Nilikubali upesi, kisha nikakaa miezi miwili bila ya kuandika hata mstari mmoja, maana nilijua kwamba nikianza, itanibidi nianze na kitabu cha mwaka 2019. Katika kitabu hicho, kwenye kurasa za picha, pana picha yangu nimevaa sare ya buluu, na chini yake mmeandika kwamba mimi ni muuguzi wetu katika hospitali ya Uingereza. Mwaka ule sikuwa muuguzi wa Uingereza. Sare ile ilikuwa ya nyumba ya kutunzia wazee, na kazi yangu ilikuwa kuwaosha, kuwavika nguo na kuwalisha. Niliiona picha, nikayasoma maneno, nikanyamaza.

Wengi wenu mwajua nilikotoka. Nilisomea uuguzi katika chuo cha afya pale Mombasa, miaka mitatu na nusu, nikamaliza mwaka 2000. Diploma yetu ya siku zile ilikuwa na kila kitu ndani yake: uuguzi, ukunga, na afya ya jamii. Baadaye nikajiendeleza nikiwa kazini mpaka nikapata digrii ya kwanza, mwaka 2015. Muda wote huo kazi yangu kubwa ilikuwa wadi ya wazazi. Nimewapokea watoto wengi kiasi ambacho nikipita sokoni hapakosekani mama wa kuniita, "Sista, mtoto wako huyu!"

Sikutoka nyumbani kwa kutamani baridi. Mwaka 2013, tarehe 1 Juni, serikali ya Kenya iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Jambo lenyewe lilikuwa jema, walakini akina mama walikuja mara mbili ya zamani na wauguzi tukabaki wale wale. Usiku mmoja wa mwaka huo tulikuwa wawili zamu, na vitandani wamelala wawili wawili. Mama mmoja, uzazi wake wa tatu, alijifungua salama mtoto wa kiume. Damu ilitoka, nikaitazama kwa macho kama tulivyofundishwa, nikaandika mililita 400. Nikaitwa kitanda kingine. Niliporudi nikamkuta amekuwa baridi na midomo imepauka. Daktari aliitwa, dripu zikawekwa, damu ikatafutwa. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Daktari aliyatazama mashuka yaliyolowa na godoro, akasema, "Sista, hii si chini ya lita mbili." Hakunilaumu, na hakuna aliyeniuliza zaidi. Lakini ile 400 niliyoiandika kwa mkono wangu naiona mpaka leo. Nilitaka kujua ni kwa nini jicho la mkunga mwenye miaka 13 kazini likose kwa kiasi kile, na wadini hapakuwa na mtu wala kitabu cha kunijibu.

Kisha ukaja mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, tangu Juni hata mwanzo wa Novemba, miezi mitano bila ya mshahara. Katika miezi hiyo ndipo nilipokutana na wakala. Jina lake silitaji. Alikuwa na ofisi ndogo yenye kiyoyozi na ramani ya Uingereza ukutani, akanionyesha kijitabu cha chuo kikuu kimoja chenye shahada ya uzamili ya uuguzi iliyotungwa kwa ajili ya wauguzi waliohitimu nchi nyingine. Mwaka mmoja tu. Akasema, "Ukimaliza, wewe ni muuguzi wa Uingereza kamili, hospitali zitakugombania." Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Na niseme haki: chuo chenyewe hakikunidanganya. Nilipokuja kukisoma kijitabu kile vizuri, mwaka mmoja baadaye, nilikuta imeandikwa, kwa herufi ndogo lakini imeandikwa, kwamba shahada hii haimpi mtu usajili wa kufanya kazi ya uuguzi. Mimi niliangalia ada na picha za majengo.

Ada ilikuwa pauni 13,500. Juu ya hiyo, sheria ya viza ilitaka mwanafunzi wa nje ya London aonyeshe pauni 1,015 kwa kila mwezi mpaka miezi tisa, yaani pauni 9,135, nazo zikae katika akaunti yake siku 28 bila ya kupungua. Mwazikumbuka siku hizo 28, maana nusu ya ukoo ulikuwa ukihesabu pamoja nami. Binamu zangu wa Maskati walitoa, ami yangu wa Dubai alitoa, na mimi nikatoa akiba yangu yote ya chama cha ushirika. Zilizobakia, shilingi 1,900,000, alizitoa mamangu. Aliuza kipande chake cha shamba cha Kisauni, chenye minazi 18 na kisima. Kilikuwa chake, alikirithi kwa babake, na hati ilikuwa kwa jina lake. Lakini kakangu alikuwa amekizoea tangu utoto, na ndiye aliyekuwa akiangusha nazi zake. Siku ya kutia sahihi hakuja.

Basi Septemba 2018, nikiwa na miaka 41, nikamwacha mume wangu na wanangu wawili, nikafika Leicester kwa shangazi yake mume wangu. Mji ule si mgeni kwa watu wa kwetu. Ukienda barabara ya Belgrave utapata muhogo, mabamia na nazi, na mwenye duka, mzee wa Kihindi mzaliwa wa Jinja, atakuuliza hali kwa Kiswahili cha kunyooka. Watu wake walifukuzwa Uganda na Amin mwaka 1972, na halmashauri ya mji huo huo wa Leicester ilitia tangazo katika gazeti la Uganda kuwaomba wasije kwake. Walikuja. Leo mji unajivunia mataa yao ya Diwali. Nayasema haya kwa sababu siku ambazo nilihisi sitakiwi popote, nilikuwa nikienda dukani kwa mzee yule kununua nazi moja ambayo sikuwa na haja nayo.

Sasa masomo. Darasani tulikuwa wauguzi wa Nigeria, Ghana, India, Ufilipino, na mimi peke yangu wa Kenya. Hakuna aliyekuwa na chini ya miaka mitano kazini. Insha yangu ya kwanza ilikuwa ya maneno 3,000, nikaiandika usiku na mchana kwa siku kumi, nikarudishiwa alama 42. Katika uzamili, kufaulu ni 50. Pembeni mwalimu ameandika kwa kalamu ya kijani: umeeleza, hukuchambua. Nikakasirika. Nilikuwa nimeyaandika yote yaliyomo kitabuni! Hilo ndilo lililokuwa kosa. Sisi tulisomeshwa kurudisha maneno ya mwalimu kama tulivyopewa, na aliyeyarudisha kamili ndiye hodari. Huku, ukirudisha maneno ya kitabu bila ya kumtaja mwenyewe kwa namna wanayoitaka, huitwa mwizi. Kuna mtambo wa kompyuta unaoisoma kila insha na kuonyesha kwa rangi sentensi zilizotoka kwa wengine, na insha yangu ilitoka rangi kama khanga. Mwalimu aliniita chumbani mwake. Alikuwa mwanamke wa Wales, mpole, aliyewahi kufanya kazi Malawi. Hakunipeleka kwenye kamati. Alichukua makala mawili ya utafiti yanayopingana kuhusu jambo moja, akaniambia, "Usiniambie yanasema nini. Niambie ni lipi ungelitumia kwa mgonjwa wako, na kwa nini." Tulikaa saa moja na nusu. Nilitoka pale nikiwa nimefahamu kazi niliyoijia.

Insha ya pili nilipata 58, na ya tatu 64.

Ilikuwa Novemba mwaka huo huo wa 2018, tukiwa maktaba, mwenzangu mmoja Mfilipino aliponiuliza, "Dada, pini yako imefika wapi?" Sikujua anasema nini. Akanifafanulia kwamba pini ni namba ya usajili inayotolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, na kwamba bila ya namba hiyo hakuna hospitali itakayokuruhusu kushika hata kidonge, uwe na shahada ya uzamili au ya uzamivu. Njia ya pini ni nyingine kabisa: kuhakikiwa vyeti, barua kutoka kwa Baraza la Wauguzi la Kenya, mtihani wa Kiingereza wa kiwango chao, mtihani wa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo uitwao OSCE. Kila kimoja na ada yake. Yeye alikuwa akiyafanya yote mawili sambamba tangu yuko Manila. Alinitazama usoni, akaacha kuzungumza, akaenda kuniletea chai.

Jioni ile mamangu alipiga simu. Akaniuliza, "Hospitali zao zikoje?" Nikamwambia, "Nzuri, mama." Huo ndio uongo wa kwanza, na yaliyofuata yalinyooka kama shanga katika uzi. Sikuwa nimekanyaga hospitali. Viza ya mwanafunzi ilinipa saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo, na kazi iliyopatikana ni ile ya nyumba ya wazee, pauni 7 na peni 83 kwa saa. Ni kazi ya halali na ya heshima, na wazee wale niliwapenda. Lakini mtu aliyezalisha kwa miaka 18 kuambiwa, kwa upole mwingi, asimguse mgonjwa mwenye jeraha mpaka aite nesi, ni jambo la kumezwa kila asubuhi kama shubiri.

Siku moja mzee mmoja, alikuwa fundi wa viatu zamani, alikataa chai na kuanza kunitukana. Kila mtu akasema leo ameamka vibaya. Mimi nikamwona ana jasho la kipaji na mkono unatetemeka, na asubuhi alikuwa amepigwa sindano ya insulini na mkate hakuugusa. Nilikimbia kumwita nesi wa zamu, kijana wa miaka kama 24. Nikamwambia, "Sukari imeshuka, tafadhali pima." Akapima: 2.1. Akampa glukosi, na baada ya robo saa mzee akawa anaomba msamaha. Yule kijana akanijia jikoni, akaniuliza, "Wewe umesomea wapi?" Nikamweleza yote, na yeye alikuwa mtu wa kwanza Uingereza kuyasikia, kabla ya yeyote wenu. Tangu siku ile, kila Jumapili baada ya zamu alikaa nami dakika 30 akinisahihishia majibu ya mtihani wa kompyuta. Mzazi wake wa kike alikuwa muuguzi kutoka Jamaika.

Shangazi naye nilimficha kwa muda, nikidhani hajui. Kumbe ilikuwa kazi bure. Yeye alikuja Uingereza mwaka 1971 kusomea uuguzi, akatiwa katika masomo ya miaka miwili ya muuguzi mwandikishwa, badala ya yale ya miaka mitatu ya muuguzi msajiliwa. Wasichana wengi wa Afrika na wa visiwa vya Karibi walitiwa huko bila ya kufahamishwa tofauti. Aliporudi Mombasa mwaka 1974 na cheti chake, aliambiwa hakitoshi. Akarudi Leicester, akafanya kazi kwa cheti hicho hicho hata akastaafu, akiwa chini ya wasichana aliowafundisha yeye kutandika kitanda. Usiku mmoja alinikuta nalia sebuleni na vitabu vyangu, akasema tu, "Wamekupa karatasi gani, mwanangu?" Kisha akapasha moto mahamri.

Mungu hamtupi mja wake. Mtihani wangu wa Kiingereza niliufanya Nairobi mwanzo wa mwaka 2018 kwa ajili ya chuo: kusikiliza 8, kusoma 7.5, kuzungumza 7.5, kuandika 6.5. Chuo kilitosheka, lakini Baraza lilikuwa likitaka 7 kila upande. Nusu alama ya kuandika ilinifungia mlango, na kila jaribio jipya lilikuwa na gharama yake. Mwisho wa mwaka 2018 Baraza likabadilisha kanuni: kuandika 6.5 kunatosha. Matokeo yangu, ambayo hudumu miaka miwili, yakawa halali bila ya mimi kufanya lolote. Nilisujudu pale pale chumbani. Mtihani wa kompyuta niliufanya masika ya 2019, nikapita.

Kwa tasnifu nilichagua lile swali langu la mwaka 2013. Sikuenda kufanya utafiti hospitalini, kwa kuwa ruhusa ya kimaadili huchukua muda ambao mwanafunzi wa mwaka mmoja hana. Nilikusanya tafiti za wengine, za nchi nyingi, nikazipima moja moja. Jambo lilikuwa wazi na lilikuwa limeandikwa kwa miaka mingi: jicho la binadamu, la mkunga au la daktari, hupunguza kipimo cha damu, na kadiri damu inavyokuwa nyingi ndivyo jicho linavyozidi kupunguza. Si mimi peke yangu. Siwezi kusema kwamba nilipumua. Nilijiuliza kwa nini jambo lijulikanalo vile lisifike katika wadi yangu hata kama karatasi ya ukutani. Tasnifu ilipata 71. Picha ya joho mliipata Januari 2020, na ile ilikuwa ya kweli.

Desemba 2019, kabla viza ya masomo haijaisha, hospitali moja ilikubali kunidhamini, nianze kama muuguzi asiyesajiliwa huku nikijitayarisha kwa OSCE. Mtihani wangu ulipangwa Aprili 2020. Yaliyotokea Machi ya mwaka huo kila nyumba inayasimulia. Vituo vya mitihani vilifungwa. Baraza likafungua daftari la muda, na sisi wageni tuliomaliza kila kitu isipokuwa OSCE tukaalikwa kuingia. Hivyo basi nilifanya kazi ya uuguzi kwa mara ya kwanza Uingereza katika wadi ya korona, nimejifunga aproni ya plastiki, na jina langu limeandikwa kifuani kwa kalamu ya wino mzito ili mgonjwa ajue nyuma ya barakoa kuna nani. Sitaandika mengi juu ya wadi ile. Niliwashikia simu watu wazungumze na wake zao. Kwetu ndege zilikatazwa tangu mwisho wa Machi mpaka Agosti, na mamangu alikuwa akikohoa Mombasa. Alipona.

OSCE niliufanya Northampton, Agosti 2020. Wakati wangu ulikuwa na vituo sita. Tangu 2021 ni kumi. Unaingia chumbani, kuna mtu anayejifanya mgonjwa, na mtahini amekaa pembeni na saa. Niliangukia katika kituo cha dawa. Dawa nilizijua zote. Nilisahau kumwuliza mgonjwa kama kuna dawa inayomdhuru, kwa sababu nilimwona yeye ni mwigizaji na akili yangu ikalegea. Basi ukikosa hilo umekosa kituo. Nikalipa tena, nusu ya ada, nikarudi, na safari hii nilimwuliza yule mwigizaji mara mbili hata akacheka. Pini yangu ilikuja kwa barua pepe Oktoba 2020, siku ya Jumanne, nikiwa katika basi.

Nilimpigia mamangu palepale, basi zima likinisikiliza. Nikamwambia yote: wakala, herufi ndogo, nyumba ya wazee, picha ya kitabuni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua tangu mwaka juzi. Miaka yote ukitoka zamu hapa Mombasa ulikuwa ukilia miguu. Ulipofika huko kila ukipiga simu wasema mgongo, mgongo. Nikasema, huyu mwanangu anainua watu."

Imebaki habari ya ukunga, nayo ni lazima niiseme kwa ajili ya mabinti walio wadi za wazazi. Uingereza muuguzi na mkunga wako katika sehemu mbili tofauti za daftari. Pini yangu ni ya uuguzi wa watu wazima. Ukunga wangu wa miaka 18 haumo ndani yake, na sijampokea mtoto tangu Agosti 2018. Ningetaka, ningelazimika kuianza upya njia ya usajili kwa ajili ya ukunga, na nina miaka karibu 50. Mwaka 2023 matokeo ya utafiti mkubwa ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham yalitangazwa. Ulifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wazazi zaidi ya 200,000. Mama huwekewa shuka la plastiki lenye mfuko wenye alama za vipimo, damu inasomwa kwa mililita badala ya kukisiwa, na matibabu yote yanatolewa kwa pamoja mara moja: kukandwa kizazi, dawa za kukikaza, dawa ya kugandisha damu, dripu, na uchunguzi. Hatari ya kutoka damu nyingi kupita kiasi na madhara yake ilipungua kwa asilimia 60. Niliyasoma nikiwa kantini na chakula kikapoa. Mfuko wa plastiki wenye alama! Nimeutumia wakunga watatu wa wadi yangu ya zamani makala yale, na kwa maneno yangu mwenyewe kwa Kiswahili, kurasa nne.

Sasa nije kwa binti wa dadangu, ambaye ndiye sababu ya mimi kufungua kinywa. Mwezi Machi aliniandikia, "Mama mkubwa, nimepata nafasi ya uzamili, tunataka kuuza kiwanja." Ana watoto wawili wadogo. Wakala wake ni mwingine, maneno ni yale yale. Nimemjibu, na nayaandika hapa ili kila mzazi ayasome. Kwanza, tangu Januari 2024 anayekuja kwa shahada ya uzamili ya darasani haruhusiwi kuja na mume wala watoto. Mimi nilikosa pesa tu, yeye atakosa ruhusa. Pili, ada ya afya kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka, na hulipwa pamoja na viza. Tatu, kazi za hospitali kwa wageni zimekuwa chache kuliko siku zangu, na hakuna anayeweza kuahidi udhamini. Nne, mitihani ya usajili, isipokuwa OSCE, anaweza kuianza akiwa Mombasa bila ya kuuza hata mti, na akishakuwa nayo mkononi ndipo auulize uzamili una faida gani kwake. Tangu Novemba 2021 hospitali za hapa haziruhusiwi kuja Kenya kusaka wauguzi ila kwa mapatano ya serikali kwa serikali, lakini muuguzi aliyeomba kazi mwenyewe hakatazwi. Na wakala anayepeleka wauguzi katika hospitali za Uingereza, kwa kanuni za Uingereza, hatakiwi kumtoza muuguzi ada ya kumtafutia kazi. Akimtoza, atoke mlangoni.

Sikumwambia asisome. Uzamili ulinifundisha kusoma utafiti kama mtu anavyosoma hati ya kiwanja, na sasa katika wadi yangu wauguzi vijana huniletea mimi maswali yao. Lakini nilimwambia alichouza bibi yake. Hajanijibu tangu wakati huo, ila dadangu asema kiwanja hakijauzwa.

Kuhusu shamba: tangu 2021 nimerejesha shilingi 1,100,000, nazo ziko benki kwa jina la mamangu. Mume wangu na wanangu wako nami hapa sasa. Kakangu hunisalimu kwa ufupi. Mwaka jana nilipokwenda nyumbani alinipeleka Kisauni nikaone. Pana nyumba ya ghorofa tatu, na minazi iliyosalia ni miwili, karibu na lango. Alisema, "Minazi hailipwi benki." Sikuwa na jibu, tukarudi.

Wahariri, naomba katika kitabu hiki mtie masahihisho. Chini ya picha ya mwaka 2019, mahali palipoandikwa muuguzi katika hospitali, pasomeke: msaidizi katika nyumba ya wazee, Leicester. Picha yenyewe iacheni. Yule mzee anayeonekana nusu upande wa kushoto, ameshika kikombe, ndiye fundi wa viatu.